Mtihani wa Machozi ya Stesheni

Kule Tandika, nyuma kidogo ya soko, ukitaka kujua filamu ipi inafaa kutazamwa huendi kwenye duka la filamu. Unakwenda saluni kwa Mwajabu, unakaa chini, unamkabidhi kichwa chako, na kuanzia hapo hata kama una haraka ya kuwahi mazishi utasubiri. Mwajabu ana tabia moja ambayo wateja wake wanailaani na bado wanarudi: mistari miwili ya mwisho haisuki mpaka hadithi ya filamu iishe. Sasa mwanamke atakwenda wapi na kichwa kilicholala upande mmoja na upande wa pili kimesimama kama ufagio? Anakaa. Anasikiliza, analia, analipa, na jioni anatuma mtu akamwekee filamu hiyo hiyo kwenye flashi.

Ndivyo alivyo tangu utotoni. Baba yake, Mzaramo wa Temeke wa kuzaliwa, alikuwa akikaanga mihogo mbele ya kibanda cha video, kile walichokiita kibanda umiza, na aliyewahi kukaa kwenye mabenchi yake hahitaji kuelezwa sababu. Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Mwajabu aligeuza mihogo huku sikio amelibandika kwenye gunia lililofanywa ukuta, na ndani mtafsiri anaeleza kila kitu kwa Kiswahili: nani kamsaliti nani, nani kapigwa, nani anakuja na panga. Siku alipoingia kwa mara ya kwanza, akiwa kigori, alishangaa kukuta kwamba waigizaji nao wanasema, tena kwa lugha yao. Kwake yeye filamu ilikuwa sauti ya mtafsiri. Picha zilikuja baadaye, kama kachumbari.

Na watafsiri wa mjini, ma-DJ kama wanavyoitwa, wako wengi, lakini moyo wa Mwajabu ulikuwa kwa Benson. Benson ana duka lake mtaa wa pili kutoka saluni, na chumba kidogo alichokizungushia magodoro ukutani ili kelele za soko zisiingie kwenye kipaza sauti. Humo ndimo anamofungia filamu za Wahindi, Wakorea na Wafilipino, akatoka nazo zinasema Kiswahili cha Temeke. Majina ya filamu huyabadilisha apendavyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini, kwani nani anamuuliza mpishi chumvi kaitia kwa kipimo gani?

Saluni kuna wawili. Mwenzake Mwajabu ni Editha, Mmakonde Mkristo wa Ndanda, mwanamke wa mikono mikubwa anayependa filamu za ngumi tu. Mapenzi hayamwingii. Kila siku wanabishana, na wateja wanapewa ubishi huo bure pamoja na mafuta ya nywele.

"Mwanamke kalia kuanzia mwanzo mpaka mwisho," Editha husema. "Si apike? Muvi nzima hakuna aliyekula."

"Wewe unataka watu wapigane ndo ufurahi."

"Wakipigana angalau najua nani kashinda."

Mwajabu ana vipimo vyake. Filamu ya kawaida ni ya leso. Ikiwa nzuri ni ya khanga moja, kwa sababu leso haitoshi kufutia machozi. Na ile isiyo na mfano ni ya doti nzima, upande mmoja wa kulilia na wa pili wa kujifunika usionekane. Kwa miaka yote hiyo filamu aliyoipa doti ni moja tu, Machozi ya Stesheni.

Ni ya Kihindi. Mjane anauza chai kwenye stesheni ya treni, na kila siku mhandisi wa reli anakuja kunywa. Wanaangaliana sana. Siku ambayo bwana anatamka kwamba anampenda, mjane anainua birika, anamtazama, na sauti ya Benson inatetemeka: "Usinipende kwa chai yangu, nipende na majivu ya jiko langu." Hapo saluni nzima huwa hoi. Halafu bwana anahamishwa kikazi, anapanda treni, mjane anabaki anapunga mkono, na kabla hujakata tamaa Benson anakueleza kwamba bwana anakwenda kumchukua mama yake mzazi aje kuposa. Mara tarumbeta zinalia, tembo mzima kavalishwa dhahabu, bibi harusi kafunikwa uso, watu wanacheza mpaka vumbi linafunika jua. Mwisho.

Dosari moja tu iliwahi kuzungumzwa. Mteja mmoja mwenye jicho la husuda aliuliza mbona bibi harusi kwenye harusi anaonekana mrefu kuliko alivyokuwa akiuza chai.

"Kavaa viatu vya mchuchumio," Mwajabu alimjibu, na suala likafungwa.

Sasa Nurdin. Nurdin ni fundi wa majokofu, mtu wa Lindi, anaishi Kibamba kule mwisho wa mji. Alikuja Tandika kutengeneza friji la muuza juisi aliyepakana na saluni. Ukuta wa pale ni mbao, na maneno ya Mwajabu yanapita kwenye mbao kama maji. Siku ya pili ya kazi yake alichungulia mlangoni, bisibisi mkononi, akasalimia kwa adabu, akauliza: "Samahanini dada zangu. Yule mama wa jana, alimsamehe mwanawe au hakumsamehe?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa na shampuu machoni. Mwajabu hakucheka. Alimtazama mtu yule mwenye mafuta ya mashine mpaka kwenye nyusi, aliyelala na swali la filamu ambayo hata hakuiona.

"Alimsamehe," alisema. "Ila alimchelewesha kidogo."

Friji lile likapona. Lakini fundi aliendelea kuja kulijulia hali, wiki baada ya wiki, mpaka muuza juisi akaanza kuogopa kwamba lina ugonjwa anaofichwa. Nurdin alisimama pale mlangoni na juisi ya ukwaju, akauliza leo wametazama nini, akasikiliza, akatoa neno moja au mawili, akaondoka. Hatimaye akamwita Editha pembeni. Alisema yeye ni mjane, mkewe alifariki, hana mambo mengi, na kama Mwajabu ataridhia atamtuma Mzee Twalib, jirani yake wa Kibamba, aje kwa kaka yake Mwajabu kwa njia inayojulikana.

Editha alirudi ndani anacheza.

"Shosti! Friji limesema!"

Mwajabu alicheka, akakaa, akasimama, akachana kichwa cha mteja ambacho kilikuwa kimekwisha kusukwa. Furaha ilimjaa mpaka ikamtisha. Maana aliwahi kuolewa. Mume yule hakuwa mlevi wala mpigaji, na ndiyo maana mpaka leo anashindwa kuwaeleza watu kwa nini waliachana. Alikuwa analala tu. Filamu ikianza, analala. Mwajabu akisimulia ya sokoni, analala. Halafu katikati ya machozi anazinduka, anauliza "wamefikia wapi?" na kabla hajajibiwa amekwisha lala tena. Miaka yote ya ndoa Mwajabu alikuwa akimsimulia mtu anayekoroma. Alipopewa talaka alilia siku moja, na siku ya pili alitazama filamu mpaka mwisho bila kuulizwa kitu.

"Namtaka," alimwambia Editha. "Lakini sirudi tena kwa mtu wa kulala. Mwambie akaangalie Machozi ya Stesheni. Peke yake, asiulize mtu. Jumamosi aje aniambie kaona nini. Akinijibu vizuri, Mzee Twalib aje Jumapili."

"Da Mwaja, unamtungia mtu mzima mtihani?"

"Kwani kuolewa ni nini?"

Nurdin alipopewa masharti hakuona tabu. Alirudi kwao Kibamba, akaenda kwenye duka la filamu la karibu na nyumbani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika bila yeye kujua. Duka lile ni la Elibariki. Watu wa filamu mjini hapa wana madhehebu mawili: wanaotaka filamu iliyotafsiriwa, na wanaotaka origino. Elibariki ni wa origino, na ana ukali wa mtu aliyeokoka juzi. Jina alilolitunga Benson pale halikujulikana, basi Nurdin alimweleza kama Editha alivyomdokezea: Mhindi, muuza chai, stesheni, mhandisi.

"Ninayo," Elibariki alisema. "Safi, haijaguswa na mdomo wa mtu. Mie hapa siuzi muvi za kupayukiwa."

Nurdin akalipa, akashukuru, akaenda kujifungia.

Jumamosi alasiri saluni ilijaa kuliko mkesha wa Idi. Wengine walikuja na vichwa vilivyokwisha kusukwa, wakakaa tu, wakajifanya wanasubiri zamu. Kitini alikuwa Jenipher, binti wa duka la vocha, nusu ya kichwa chake ikiwa tayari imesukwa mtindo wa twende kilioni. Nurdin akaingia. Shati limepigwa pasi, ananukia udi, mafuta ya mashine yametoka mpaka kwenye kucha. Akasalimia, akaitikiwa na kila mtu isipokuwa Mwajabu, aliyejizamisha kwenye kichwa cha Jenipher.

"Haya braza, usituzungushe," Editha alisema. "Umeiangalia?"

"Nimeiangalia."

"Yote?"

"Yote. Na nimeirudia."

Mwajabu hakuinua macho, lakini vidole vyake vilikaza.

"Anti, unaning'oa!" Jenipher alilalamika.

"Nimeipenda," Nurdin aliendelea. "Imeniuma, lakini nimeipenda. Yule mama alivyobaki pale, treni inaondoka, watu wote wamekwisha tawanyika. Akarudi kwenye meza yake, akawasha jiko. Pale nilishindwa, nikaisimamisha kwanza."

Wanawake walinung'unika kwa huruma. Mtu alijibu vizuri. Mwajabu akainua macho.

"Halafu?" aliuliza.

"Halafu basi. Ikaisha."



"Ikaisha vipi?" Editha aliuliza. "Na harusi je?"

"Harusi gani?"

Lahaula! Kelele zilizozuka pale ziliwatoa wauza nyanya sokoni.

"Hajui harusi!"

"Kalala huyo!"

"Tarumbeta zote zile, kalala!"

"Na tembo?" Jenipher alipiga kelele, nusu ya kichwa imesimama. "Tembo naye hukumuona? Tembo mzima, shemeji!"

"Tembo?" Nurdin aliuliza. Alimgeukia huyu, akamgeukia yule, mtu anayetafuta tembo ndani ya saluni. "Dada zangu, mle hamna tembo."

Mwajabu aliinua mkono, wakanyamaza. Alitaka kumpa nafasi. Moyoni alikuwa anamwombea.

"Nurdin. Siku yule bwana alipomwambia anampenda, mama alimjibu nini? Lile neno lake kubwa, akiwa na birika mkononi."

Nurdin alifikiri. Alikumbuka vizuri sana, kwa sababu Kiingereza cha maandishi ya chini alikisoma polepole, neno kwa neno, kwa kile alichosoma shule.

"Alimwambia maziwa yamekwisha."

Wapo waliocheka mpaka wakajishika mbavu. Mwajabu aliweka chanuo chini. Uso ulimwaka moto, macho yakamjaa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amekwisha mchagua.

"Ungesema tu umelala," alisema. "Kulala si dhambi. Lakini kuja hapa kunitungia, mbele za watu, tena maziwa?"

"Wallahi sijalala!"

"Unaapa kabisa? Kwa muvi? Kesho utaapa kwa nini?"

"Njia ya mwongo ni fupi," sauti ilisema kutoka kwenye benchi.

"Mwambie Mzee Twalib asijisumbue kesho."

Nurdin akatoka bila kuaga. Alipita mbele ya friji la juisi bila hata kuligusa. Mwajabu alimalizia kichwa cha Jenipher, mistari yote mpaka wa mwisho, bila kusimulia chochote, na kwa hilo kila mtu akajua ameumia kiasi gani.

"Shosti," Editha alimwambia wakifunga, "mtu kalala tu. Hajaua."

"Mie nimekaaga na mtu wa kulala. Huyo mwingine alilala na hakudanganya."

Editha, ambaye huwa haishiwi na maneno, alimbebea pochi mpaka nyumbani.

Jumapili Mwajabu alifungua saluni kwa sababu hakutaka kukaa na kaka yake akaulizwa maswali. Editha alipita akitoka kanisani, bado na gauni lake la kwaya. Jenipher naye akaja, eti mstari mmoja umelegea. Walikuwa hawajanywa hata chai, Nurdin akaingia. Safari hii hakunukia udi. Macho mekundu, shati lile lile la jana, na nyuma yake mwanamume mwembamba mwenye miwani, amekumbatia laptopu kifuani.

"Huyu ni Elibariki," Nurdin alisema. "Ndiye aliyeniuzia muvi. Nimemtoa Kibamba asubuhi hii. Usiponitaka sawa, Mwajabu, hiyo ni haki yako. Lakini usinikatae kwa uongo. Sie kwetu mtu akisema sijalala, hajalala."

Elibariki aliifungua laptopu juu ya meza ya mafuta, kwa heshima zote. Wakasogea. Mjane akainua birika, bwana akatamka lake, na maandishi yakatokea chini. Elibariki alisafisha koo, akatafsiri: "Maziwa yamekwisha. Njoo kesho."

"Uongo!" Jenipher alisema.

"Soma mwenyewe, umesoma."

Jenipher akainama. Akasoma kwa midomo. Akainuka polepole. "Maziwa kweli, Anti."

Elibariki akapeleka mbele mpaka mwisho. Treni, mkono unaopunga, jukwaa tupu, jiko, kiberiti, giza. Hakuna tarumbeta. Tembo hakuna hata mkonga.

Editha alikunja mikono ya gauni la kwaya, akatoka, na haukupita muda akarudi anamsukuma Benson mbele yake, Benson na mswaki mkononi na povu kidevuni.

"Haya DJ. Harusi umeitoa wapi?"

Benson alitazama laptopu. Alimtazama Elibariki kwa chuki ya wazi, na Elibariki akamrudishia. Kisha akafuta povu.

"Niliwaozesha mie," alisema.

"Uliwaozesha!"

"Sasa ningefanyaje? Ilikuwa karibu na Sikukuu. Wateja wanakuja dukani wanalia, 'Benson usitupe muvi ya huzuni.' Wahindi wamewaachanisha bure tu, watu wanapendana! Nikatafuta harusi kwenye muvi nyingine. Nikachagua yenye bibi harusi kafunikwa uso."

"Ndo maana alirefuka," Jenipher alisema.

"Na maziwa?" Mwajabu aliuliza kwa sauti ndogo. "Lile neno la majivu ya jiko?"

"Dada Mwajabu, mwanamke mzuri vile, anaambiwa anapendwa, halafu aseme maziwa yamekwisha? Nilimwonea huruma. Nikamtungia."

"Huo ni uhalifu," Elibariki alisema.

"Wewe unauza picha za watu wanaokaa kimya!"

Wangeshikana mashati pale pale kama Editha asingesimama katikati, na kusema kweli alionekana kusikitika kwamba hawakushikana. Lakini Mwajabu alikuwa hawasikii. Alikuwa amerudisha filamu nyuma kwa kidole chake mwenyewe. Aliitazama tena ile treni. Kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mtoto nyuma ya gunia, aliangalia bila sauti ya mtu kumweleza. Mjane alipunga mkono, akauteremsha, akafuta meza iliyokuwa safi tayari. Mwajabu aliijua meza ile. Yeye mwenyewe ameifuta miaka yote, kila jioni akishafika nyumbani. Machozi yakaanza kumtoka, na alipolia yeye, Jenipher akalia, Editha asiyeingiwa na mapenzi akanyanyua pindo la gauni la kwaya akafichia pua, na Benson, ambaye alikwisha kuitazama filamu ile mara zisizohesabika, akalia kwa sauti kuliko wote.

"Ni nzuri zaidi hivi," Mwajabu alisema. "Inauma, lakini ni nzuri zaidi."

Ndipo Mzee Twalib akaingia. Huyu mzee huizima simu yake kutunza chaji, na Nurdin kwa kiwewe cha kumtafuta Elibariki alisahau kabisa kumtumia mtu amwambie asije. Basi kavaa kanzu nyeupe, kofia ya kiua, bakora mkononi, kaja kuulizia nyumba ya kaka mtu. Akakuta saluni nzima inalia, wanaume kwa wanawake. Akavua viatu hapo hapo mlangoni.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema, akaweka mkono kifuani. "Poleni sana wafiwa. Ni nani?"

"Shikamoo mzee," Editha alisema, akijifuta. "Hajafa mtu. Treni imeondoka."

"Marahaba. Treni?" Mzee Twalib aliwaza. "Imeua wangapi?"

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa na machozi ndani yake, na kilikaa muda mrefu, kila kikitaka kufa mtu mmoja anasema "imeua wangapi" na kinaanza upya. Mzee Twalib alikalishwa kwenye kiti cha kusukia, akapewa maji, akaendelea kuomba dua kidogo kidogo endapo tu. Nurdin peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na mlango kama mtu ambaye ameshinda kesi lakini hajui kama atarudishiwa mali yake.

Mwajabu akamgeukia. 

"Nisamehe," alisema. "Nilikuaibisha mbele za watu, na mbele za watu nasema nisamehe."

"Yamekwisha."

"Swali langu bado, lakini. Jana sikukuacha ujibu. Ulipoiangalia, uliona nini?"

Benson akaacha kwikwi za kilio. Nurdin alikwangua mbao za mlango kwa ukucha, akatazama laptopu, akamtazama Mwajabu.

"Kile kipande cha treni nilikirudia sana," alisema. "Nilidhani kuna kitu sijakiona. Ile treni inaondoka taratibu, Mwajabu. Inapita nguzo moja, inakuja nyingine, mpaka unachoka. Na yule bwana amesimama mlangoni kabisa, begi lake moja. Muda ulikuwepo. Wote wanasema kazi imewatenganisha, mie nikasema hapana, mbona miguu anayo?"

Akaacha kukwangua mlango.

"Mie ningeshuka."

Mwajabu alijifuta uso kwa viganja viwili, akavuta pumzi, akamgeukia Mzee Twalib pale kwenye kiti cha kusukia.

"Mzee wangu, nyumba ya kaka ni ile yenye geti la kijani, mkono wa kushoto ukipita msikiti. Jumapili huwa anatokaga mapema. Wahi."

Mzee Twalib alishika kofia yake kwa mkono mmoja na viatu kwa mkono wa pili, akatoka mbio pekupeku, na vigelegele vya Editha vikamfuata mpaka msikitini.